Loki ya mlango ikigoma, usikimbilie kununua mota

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: ana Toyota IST, akibonyeza rimoti milango mingine yote inaitika isipokuwa wa dereva. Fundi kashamwambia anunue mota ya loki. Dada yangu, weka hela yako mfukoni kwanza, hadithi hiyo naijua.

Noah yangu ilianza hivyohivyo. Asubuhi inafunga, jioni inagoma. Nikaipeleka kwa fundi umeme anayesifiwa mtaa mzima. Hakushika hata testa, kile kipimo cha umeme! Alibonyeza rimoti, akatega sikio mlangoni, akasema, "Mota imekufa, bosi." Tukanunua ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikafungwa, ikafanya kazi siku chache, hali ikarudi palepale. Akasema hiyo nayo mbovu, tutafute nyingine. Nilipomuuliza mbona na kioo cha mlango huohuo kinapanda kwa kusuasua, akacheka mbele ya wateja wake: "Bosi, wewe endesha, ufundi tuachie sisi."

Iliniuma. Bado inaniuma.

Nikaenda kuichokonoa mwenyewe nyumbani. Kati ya mlango na bodi ya gari, upande wa bawaba, kuna mpira wenye mikunjo. Waya zote za mlango zinapita humo: za loki, za kioo, za spika. Kila ukifungua mlango zinapinda, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote. Nilipouchomoa ule mpira nikakuta waya zimekatika, moja imeshikiliwa na nyuzi chache tu. Zile mota mbili, ya awali na ya mtumba, nikazitoa nikazigusisha kwenye betri, zikaruka. Nikageuza chanya na hasi, zikarudi. Nzima kabisa! Nilizipiga picha nikamtumia fundi. Mpaka leo hajajibu.

Kwa hiyo sikiliza kabla hujaangalia. Mlango ukikaa kimya kabisa, shuku umeme: waya kwanza, mota baadaye. Ukisikia mlio lakini kitasa hakisogei, umeme unafika. Tazama vijiti na vibanio vyake, au meno ya mota yameisha. Milango yote ikigoma hata kwa swichi ya ndani, anza na fyuzi. Swichi ikifanya kazi na rimoti ndiyo imekataa, badilisha betri ya rimoti, bei yake ni ya chakula cha mchana. Na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani tu, tafadhali, angalia kile kiswichi cha kuzuia watoto kilichoko ubavuni mwa mlango. Kuna watu wamefumuliwa mlango mzima kwa sababu yake.

Jamani, gari ni lako, na hela ni yako. Fundi asiyepima anakisia, na kila akikosea wewe ndiye unayelipa. Simama pembeni yake, uliza, mwambie akuonyeshe umeme unafika au haufiki. Akinuna, hamisha gari.

Dada wa IST, fanya hivi: fungua mlango wako nusu, bonyeza swichi ya loki ya ndani (rimoti nyingi hazifungi mlango ukiwa wazi) huku mtu anautikisa ule mpira taratibu. Loki ikishtuka, waya ndizo mbovu. Atakayeziunga asikuunganishie palepale zinapopinda wala asizungushe tepu tupu. Aweke kipande kirefu cha waya laini, viungo vikae ndani ya mlango na ndani ya bodi. Vinginevyo zitakatika tena.