Nyanya kupukutisha maua Kisauni: si mbolea, ni joto la usiku

Dada, nyanya zako kuchanua vizuri kisha maua kupukutika Februari hii si upungufu wa mbolea. Nyanya hutunga tunda vyema usiku ukiwa na nyuzi joto za Selsiasi 15 hadi 20 hivi. Usiku wa kaskazi (msimu wa joto) hapa Mombasa hukaa kwenye 24 au zaidi. Chavua (ule unga wa ua unaotungisha tunda) huharibika, ua halitungi, kikonyo chageuka manjano pale kwenye pingili, kisha chakatika. Ukizidisha mbolea ya yurea utavuna majani tu (mwenye duka atafurahi, lakini). Sia mbegu Aprili, kitaluni, mvua ya masika isizipige, maua yaje Juni upepo wa kusi ukivuma na usiku umepoa. Kwa sasa tundika neti ya kivuli, mwagilia alfajiri, na tuta lililobaki panda bamia. Hizo jua hili haliziwezi.