Maswali ya Wasomaji: Kuishi Kando ya Ziwa Victoria Bila Kula Samaki

Shikamoo. Ninasoma chuo hapa Mwanza na ninaishi Nyegezi. Tangu Kwaresima nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, wala sikusudii kuvirudia. Nyumbani wanasema nitaishiwa nguvu na damu. Je, ni kweli?

Marahaba, binti yangu. Nguvu haziishi kwa kukosa nyama. Zinaisha pale mtu anapoondoa samaki kwenye sahani, akabaki na ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, na matembele, akaamini kwamba amebadilisha mlo ilhali ameupunguza tu. Unga wa muhogo una gramu 1 hadi 2 tu za protini katika kila gramu 100, wakati maharage, kunde, choroko na dengu, zikiwa bado kavu, hufikia gramu 20 au hata zaidi, na soya hupita 30. Dengu na choroko hulimwa kwa wingi huku kwetu Kanda ya Ziwa, ingawa tumezoea kuziuza kuliko kuzila. Ukipata kikombe cha jamii ya kunde iliyopikwa mchana na kingine usiku, pamoja na ugali wa mahindi au mtama na karanga zilizochambuliwa vizuri ili kuepuka sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, protini haitakuwa tatizo lako.

Kuhusu damu, wanaokuonya wana hoja. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko yale ya nyama. Embe, chungwa au ndimu vikiliwa pamoja na chakula huongeza ufyonzaji huo, na chai ya rangi huupunguza, kwa hiyo usiinywe pamoja na mlo bali isubiri saa moja au mbili. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake kabla ya kuyapika, na utumie chumvi yenye madini joto.

Jambo ambalo halina mjadala ni vitamini B12. Vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha hauna, mgagani hauna, na maharage hayana. Ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu mtu hupita mwaka wa kwanza na wa pili akiwa mzima kabisa, akawacheka waliomwonya, kisha uchovu, ganzi ya miguu na vidole, na usahaulifu vikamjia polepole bila yeye kuvihusisha na chakula. Aidha, foleti, vitamini nyingine iliyo nyingi kwenye mboga za majani, inaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, nawe utaipata kwa kidonge. Kwa kuwa mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya kidonge chenye kiasi kikubwa, mwulize mfamasia dozi inayokufaa, na usitegemee unga wa mwani unaosifiwa mitandaoni.

Mimi ni mama, ninaishi Igoma. Nimeacha vyakula vya wanyama kwa sababu za imani. Mwanangu ana miezi tisa na ninamnyonyesha. Je, uji wa lishe wa nafaka, soya na karanga unamtosha?

Hapana, mama. Uji huo, hata ukichanganywa nafaka kumi, hauna B12, na maziwa ya mama asiyekula vyakula vya wanyama wala kutumia vidonge nayo huwa na upungufu wake, jambo linaloweza kudhuru ubongo wa mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Ninaiheshimu imani yako. Hata hivyo, tumbo la mtoto ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Kama imani hairuhusu hata yai, nenda kliniki wiki hii, ueleze wazi mnachokula, nyote wawili mpangiwe virutubisho vya nyongeza.

Ninavua dagaa Ukerewe. Kijana wangu amerudi kutoka Dar es Salaam akisema kwamba kula viumbe ni dhuluma na kwamba uvuvi unaharibu ziwa. Nimjibu nini?

Kaka, kwanza mkubalie palipo na kweli. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Makokoro, yaani nyavu za kukokota, yanazoa samaki wachanga, na sangara wa chini ya sentimita 50 pamoja na sato wa chini ya sentimita 25 bado huonekana sokoni ingawa sheria inakataza.

Halafu mwulize kama anakula kuku wa kufugwa bandani. Dagaa wengi wa ziwa hili husagwa kuwa chakula cha mifugo, hivyo anayekataa dagaa huku akila kuku huenda anakula dagaa bila kuwaona. Kwa maoni yangu, dagaa anayefika moja kwa moja kwenye sufuria ya familia, akaliwa mzima pamoja na mifupa yake yenye kalsiamu, ni mojawapo ya vyakula vya wanyama vinavyoteteka kwa urahisi zaidi. Kuhusu ng'ombe, hoja za Ulaya na Marekani kwamba mifugo hulishwa nafaka ambazo zingeliwa na watu haziwahusu sana ng'ombe wa Usukuma wanaokula nyasi na mabua. Lakini nao hutoa gesi ya methani, na makundi makubwa hubana malisho.

Likibaki swali la uchungu wa kiumbe chenyewe, hapo hoja za lishe na uchumi hazitoshi kumjibu, na kijana ana haki ya kushika msimamo wake. Hana haki ya kukuita dhalimu kwa kazi iliyomlipia ada.

Sili samaki wala nyama. Nifanyeje ninapoalikwa na wenyeji wangu wameshapika sato?

Mwambie mwenyeji siku anapokualika, si wakati chakula kimeshaandaliwa. Uliza pia kama maharage yameungwa kwa supu ya nyama, maana wapishi wengi hawaihesabu supu kuwa nyama.