Hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke

Mkuu, barua hiyo iache kwenye droo. Yaani unataka kuacha ajira, uchukue akiba yote ukafungue duka la viatu Kariakoo, kisa umesikia Jeff Bezos, mwanzilishi wa duka la mtandaoni la Amazon, aliacha kazi nono New York mwaka 1994 baada ya kujiwazia akiwa mzee wa miaka 80 anajutia asichojaribu?

Hadithi ni ya kweli. Mimi nililipa kiingilio kuisikia, kwa mhamasishaji mmoja mwenye suti inayong'aa kama bati jipya. Tulisimama, tukapiga makofi, jamaa wa pembeni yangu akatoa machozi. Alichoruka yule bwana ni kwamba Bezos alikuwa kigogo kwenye kampuni ya uwekezaji, na mwaka 1995 wazazi wake wakamwekea karibu dola 250,000, tena akiwa amewaambia uwezekano wa hela kupotea ni asilimia 70. Amazon ikaanza kuuza vitabu Julai 1995. Faida ya mwaka mzima? 2003! Kipindi chote hicho ilikuwa inakula hela za watu waliokubali ziliwe. Wewe utakula za nani? Za mama yako ambaye umesema unamtumia matumizi kila mwezi?

Mimi niliacha kazi baada ya semina ile, nikafungua duka la viatu. Halikufa kwa kukosa wateja. Nililiua mimi. Nililipa fremu miezi sita mbele, nikajaza mzigo, na viatu vilitoka. Ila mshahara haupo tena, kwa hiyo ada, kodi ya nyumba, dawa za mtoto, vyote vinatoka droo moja. Jozi inaniachia faida elfu tano, mimi nachomoa elfu ishirini, nikijiambia nitarudisha Jumamosi. Jumamosi gani! Mtaji ukakata, nikaanza kuchukua mali kauli kwa mtu wa jumla. Nilipochelewesha hela yake akawa ananipa yale mabaki ambayo mteja anayaangalia na kupita. Nikaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Pikipiki ikaenda, televisheni ikafuata. Mke wangu mpaka leo anasema ile semina ilitugharimu kuliko harusi yetu.

Sikia: biashara ikulipie kodi ya nyumba kwanza, kwa faida, siyo mauzo, miezi mfululizo, wewe ukiwa bado kazini. Phil Knight wa Nike alianza biashara ya viatu 1964 huku akifanya uhasibu, baadaye akafundisha chuo, na hakuachana na ajira mpaka 1969. Huyo ukumbini hatajwi, maana nani atapiga makofi kwa mtu aliyeenda kazini Jumatatu?

Uza jioni na wikiendi. Piga picha, weka kwenye simu, bodaboda apeleke.

Ulichouliza kuhusu kusajili biashara BRELA na kuamka saa kumi alfajiri wengine watakujibu, mimi saa kumi nakoroma. Halafu hiyo fremu, dalali umeshampa kishika uchumba? Kama bado, mpigie leo mwambie umesafiri.