Barua kwa mwanangu: fomu inaondoka Novemba, alama zinafuata nyuma

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa Columbus, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kwamba mjukuu wangu yuko darasa la kumi na mbili, anataka kupeleka maombi ya mapema ya chuo kabla ya Novemba 1, na alama zake za mwaka huu zinapanda kuliko za mwaka jana. Je, zitahesabiwa, au fomu itakuwa imeshaondoka bila hizo? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungerukaruka.

Naelewa wasiwasi wako unatoka wapi. Wewe ulimaliza kidato cha sita nyumbani Tanzania. Kule mtihani wa taifa ndio unaoamua: unafanya Mei, matokeo yanatoka Julai, ndipo unaomba chuo ukiwa na matokeo mkononi. Hapa Marekani mtoto anaomba chuo akiwa bado njiani. Wanaohusika na udahili wanasoma alama zake tangu darasa la tisa mpaka la kumi na moja, wanatazama orodha ya masomo anayosoma mwaka huu, kisha wengi wanatoa jibu katikati ya Desemba, kabla muhula wa kwanza haujafungwa shuleni. Kwa hiyo kwenye maombi ya mapema, darasa la kumi na moja ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Najua si jibu ulilotaka kusikia. Mwaka ule ndio baba yake alilazwa, na mtoto akaja na C ya hesabu na C ya kemia.

Lakini usidhani mwaka huu hauonekani. Miaka yote niliyokaa ofisi ya makaunsela, wale washauri wa wanafunzi shuleni, kazi yangu ilikuwa kutuma hizo karatasi. Robo ya kwanza ya mwaka wa shule hufungwa mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba. Vipo vyuo vinavyoziomba alama hizo, na vingi vingine vinazipokea zikiletwa. Tatizo ni kwamba haziendi zenyewe, lazima mtu amwombe kaunsela. Kuna kijana alinijia Novemba moja, ripoti ya robo ameikunja mara nne mpaka imekuwa ndogo kama tiketi ya daladala. Niliikunjua mezani nikaona A ya hesabu, pale ambapo mwaka uliopita palikuwa na C. Kaunsela aliituma mchana uleule, akaongeza mistari miwili kueleza kilichotokea nyumbani kwao mwaka ule. Desemba chuo kikamweka kiporo, yaani hawakumkataa ila walimsogeza aamuliwe pamoja na waombaji wa kawaida. Mwezi wa pili tukapeleka alama za muhula mzima, na Machi wakamchukua.

Hiyo ripoti ya katikati ya mwaka ndiyo nataka uielewe vizuri. Muhula wa kwanza ukifungwa, shule inatuma alama mpya kwa vyuo vinavyozihitaji, kwa kawaida Januari au Februari. Mtoto aliyewekwa kiporo anasomwa upya kwa alama hizo. Na anayeomba kwa muda wa kawaida, ambao vyuo vingi huufunga karibu na Januari 1, hizo humkuta bado anasomwa. Kwa mtoto anayepanda kama wetu, miezi hiyo miwili ina thamani kubwa sana.

Sasa kuhusu ile Early Decision aliyoitaja, yaani maombi ya mapema yanayomfunga. Hiyo ni kama kutoa posa na mahari siku moja. Yeye anasaini, wewe unasaini, kaunsela anasaini, na akikubaliwa anaondoa maombi yake kwingine kote. Mlango pekee wa kutokea kwa heshima ni pale msaada wa fedha watakaompa usipotosha, na hata hapo mtakuwa hamna ofa nyingine ya kulinganisha nayo. Kwa hali ya mifuko yenu baada ya ugonjwa wa baba yake, mwanangu, mimi sikushauri. Early Action nayo ni maombi ya mapema, ila haimfungi, ana mpaka Mei 1 kuchagua. Ningekuwa wewe, chuo cha jimbo ningekipelekea Early Action sasa, pamoja na alama za robo. Kile anachokipenda kuliko vyote ningekisubirisha mpaka Januari, kimwone na muhula huu mzima.

Vile vya University of California alivyoviweka kwenye orodha havina maombi ya mapema kabisa. Wastani wao wanauhesabu kwa masomo ya darasa la kumi na la kumi na moja, kwa hiyo kule asitegemee kupanda kwa mwaka huu kubadili wastani. Hata hivyo masomo ya mwaka huu anayaorodhesha, na akikubaliwa watadai transkripti ya mwisho, yaani orodha ya alama zake zote za sekondari.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi kuliko hizo C mbili. Watoto wakipata jibu Desemba, wanabweteka. Barua ya kukubaliwa huwa na sentensi inayosema nafasi inategemea kumaliza mwaka vizuri, na watu huipita haraka kwa furaha. Julai moja alikuja binti aliyekuwa amekubaliwa mapema. Januari aliacha fizikia bila kukiarifu chuo, na hesabu ikaishia D. Transkripti ya mwisho ilipofika, chuo kikamwandikia ajieleze. Mama yake, Mkongomani, hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea barua ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Nilipofika kwenye maneno "tunaweza kuondoa nafasi hii" alinishika mkono na kuniomba nirudie. Nikarudia. Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishowe walimpokea kwa masharti, lakini mkono wa yule mama naukumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo mwambie asibadilishe somo lolote aliloliandika kwenye fomu kabla ya kuongea na kaunsela na kukiandikia chuo. Akilemewa na hesabu, aombe mwalimu wa ziada mapema, asingojee D.

Wiki hii nenda naye shuleni, au mpigie kaunsela. Muulize mambo mawili: robo inafungwa tarehe gani, na kama atakubali kutuma alama hizo. Mweleze pia habari za hospitali. Mtoto ataona haya kuzisema, na kaunsela asipozijua hawezi kuziandika kwenye barua yake. Huo mwaka wa ugonjwa usiachwe ukae kwenye transkripti kama uvivu wakati mtoto alikuwa anatoka darasani kwenda kukaa na baba yake wodini mpaka usiku.

Jumapili baada ya ibada nitawapigia. Awe na orodha ya vyuo mbele yake na tarehe zake, tuzipitie moja moja.

Msalimie sana mume wangu huyo mdogo, na baba yake.

Mimi mama yako