Si kila Mlatino ni Mmeksiko

SWALI: Natafsiri muvi kwa sauti, nina kibanda Mbagala. Kwenye filamu za Marekani, watu wenye asili ya Kilatino, yaani ya Meksiko, Puerto Riko na kwingineko Amerika ya Kilatini, hutukanwa au huwa wauza unga. Mimi huwaita wote "Wameksiko", wateja wanacheka. Utani huu una ubaya gani?
J. M., Mbagala

JIBU: Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi hurudishwa papo hapo. Tusi la kwenye filamu hizo halirudishwi, maana mara nyingi anayetukana ndiye mwenye ajira, shule na polisi. Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliendesha msako wa kuwafukuza Wameksiko, na jina rasmi la operesheni lilikuwa tusi lenyewe, la kuwadhihaki kwamba wamelowa kwa kuvuka mto. Hata raia wa Marekani walinaswa. Jimbo la California nako watoto wa Wameksiko walitengewa shule kwa kisingizio cha lugha, pamoja na waliojua Kiingereza vizuri, mpaka kesi ya familia ya Mendez ya kupinga utengano huo ilipoamuliwa mwaka 1947. Wazazi wengine wakaacha kabisa kuwasemesha watoto Kihispania.

Wapuerto Riko, watu wa kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, nao ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini bado huambiwa "rudini kwenu"!

Kwenye maiki, taja nchi iliyotajwa kwenye filamu. Isipotajwa, sema "Mlatino". Mhusika akitukana, sema "kamtukania asili yake" uendelee. Usilifiche tusi, wala usichomeke kabila la hapa kwetu. Na mhusika Mlatino, kama mfagizi, anayeongea kawaida, usimbandike lafudhi ya kuchekesha.