Graceland ilisifiwa, tena sana

Umeuliza kama Graceland, ile albamu ya mwanamuziki Mmarekani Paul Simon, ilisifiwa kweli ilipotoka 1986 au ni sisi wazee tunaipamba. Ilisifiwa, kaka. Mwaka 1987 ikabeba tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na hii ni baada ya albamu yake iliyotangulia, Hearts and Bones ya 1983, kudoda sokoni. Wengi waliomshambulia hawakuwa na ugomvi na muziki. Kisa kilikuwa kwenda kurekodi Johannesburg 1985 huku Umoja wa Mataifa ukitaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Hoja nzito hiyo, mimi mwenyewe bado naizungusha kichwani.

Ila utamu uko kwenye gitaa la besi la Bakithi Kumalo, mpigaji wa Afrika Kusini. Sikiliza pale besi inapobaki peke yake kwenye wimbo You Can Call Me Al wa albamu hiyo: alipiga nusu ya kwanza tu, nusu ya pili ni mkanda uleule umegeuzwa kinyumenyume! Juzi dereva wa matatu ya Rongai aliuweka huo wimbo, spika ya chini ya kiti ikanitetemesha hadi magoti. Maneno mengine hata sikuyashika, lakini mguu ulikuwa ushaanza kugonga sakafu.