Asiyejulikana Alipo

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema chuo chenu kinaandaa kitabu cha kuwasherehekea wahitimu wake, kwamba wewe ni mmoja wa watu arobaini waliochaguliwa, na kwamba wanataka picha pamoja na maelezo ya safari yako ya kazi, yasizidi maneno 150. Unachouliza ni hiki: ile miaka miwili uliyokaa nyumbani bila ajira uitaje, au uruke kutoka kazi ya kwanza hadi hii ya sasa kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, umewaandikia jina gani?

Sikutanii. Kwenye cheti chako cha shahada kuna jina la baba yako. Kwenye mlango wa ofisi yako, siku ile nilipokuja bila taarifa ukanuna, niliona la mumeo. Hao wa ofisi ya wahitimu wanalo lipi?

Hadithi ya kijitabu unaijua. Wewe na kaka yako mmeisikia kwa baba yenu, na yeye kila mwaka alikuwa anaiongezea kitu. Leo isikie kwangu, bila chumvi.

Tulikuwa tunatimiza miaka 20 tangu tuhitimu. Mwaliko haukunifikia, niliambiwa na mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye alidhani nimeshaalikwa. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini mtu akishatamani kwenda sherehe hashtuki. Nilishonesha gauni. Baba yako akaazima tai.

Mlangoni tukagawiwa kijitabu. Kurasa za mbele zilikuwa za picha: balozi, wakili, daktari bingwa wa moyo, mkurugenzi wa nini sijui, kila mmoja na nusu ukurasa wake. Kurasa za kati zilikuwa za wengine wote, jina na kazi, mstari mmoja mmoja. Na ukurasa wa mwisho kabisa, kabla ya jalada, palikuwa na kichwa kwa herufi nene: WASIOJULIKANA WALIPO. Chini yake majina 31, na ombi kwamba yeyote mwenye habari zao aijulishe ofisi. La tisa lilikuwa langu. La usichana, kila herufi mahali pake.

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu.

Mnapocheka mnadhani kilichoniuma ni kuambiwa nimepotea. Hapana. Kilichoniuma ni kwamba ukurasa huo niliufikia mwisho. Nilianzia kwenye picha. Mwalimu wa historia, miaka 19 na chaki mkononi, nilikuwa nafunua kurasa za mabalozi polepole nikijitafuta! Nilipojikosa nikahamia kwenye mistari ya katikati, nikajitafuta kwa jina la ndoa, kisha kwa la kwetu. Mpaka siku ile nilikuwa nimewaambia watu wote, na nafsi yangu kwanza, kwamba mambo ya kusifiwa hayanihusu. Kumbe yananihusu. Sijapenda kulijua hilo hata leo.

Yule niliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu alikuwa na nusu ukurasa na picha akiwa amekunja mikono. Yule aliyekuwa ananakili maelezo yangu kila wiki ya mtihani. La, nisimwonee. Na mimi nilinakili yake ya takwimu. Bila yeye ile karatasi nisingeifaulu. Tulinakiliana. Na kazi yake ni kubwa, aliistahili nusu ukurasa. Robo tatu, hata. Lakini ile mikono!

Baba yako akakichukua kijitabu mikononi mwangu, akasoma, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Nikadhani anataka kulikata jina. Akaandika pembeni yake, kwa ule mwandiko wake wa kulala: Yupo hapa, safu ya tatu, gauni la bluu. Akanirudishia, akaendelea kupiga makofi, maana wakati huo mshereheshaji alikuwa anamwita balozi jukwaani. Nilicheka mpaka wa mbele yetu wakageuka. Baadaye nikaenda msalani nikakaa huko kuliko haja yenyewe.

Katika hadithi ya baba yako, hapo ndipo nilipoinuka na kupaza sauti, "Mimi hapa!" Sikuinuka. Ningeinuka siku ile, leo nisingekuwa nakuandikia haya yote.

Karatasi haina macho, mwanangu. Nilikwambia hivyo uliporudi na ile ripoti ya darasa la sita, nikakwambia tena ulipokosa ufadhili, na kaka yako nimemwambia mara nyingi hata ameanza kulimalizia yeye. Karatasi haikuoni. Inaona kilichoandikwa.

Sehemu ambayo baba yako alikuwa haiongezei chumvi, kwa sababu haihitaji, ni ya bahasha. Miezi miwili baada ya sherehe ikaja barua kutoka chuo hicho hicho. Jina la ndoa, sanduku la posta sahihi, hata "Bi." waliweka. Walikuwa wanaomba mchango wa kukarabati bweni. Baba yako akaisoma akaikunja vizuri. "Afadhali," akasema, "umepatikana." Na tangu siku hiyo simu yangu ikilia sebuleni ilikuwa, "Yule asiyejulikana alipo, unaitwa!"

Mimi sijui kukasirika bila kusoma, ndio ugonjwa wa walimu wa historia. Nikasoma. Nikakuta kwamba chama cha wahitimu kinachohesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote Marekani, cha chuo cha Williams kule Massachusetts, kilianzishwa 1821, na hakikuanzishwa kwa ajili ya kupongezana. Rais wa chuo alikuwa ameondoka na sehemu ya wanafunzi kwenda kuongoza chuo kipya, Amherst, na waliosoma Williams wakahofia chuo chao kitakufa. Wakakutana kukinusuru. Kwa hiyo bahasha ndiyo iliyotangulia, mabalozi wakafuata. Nilipolijua hilo hasira ilipungua kidogo. Kilichonibakia ni kuona kwamba wangeniomba kwanza na kunipoteza baadaye, ingekuwa afadhali.

Neno lenyewe la Kilatini wanalojiitia, alumnus, asili yake ni mtoto wa kulishwa, mtoto wa kulea. Na chuo kikaitwa alma mater, mama mlezi. Mlezi! Ni nani aliyekesha na wewe kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani wa mekanika, ukisema unaacha, unarudi nyumbani, huitaki tena hiyo shahada? Basi, nimetulia. Chuo kilikufundisha nisiyoyaweza, na wale walimu wako wawili nawaombea hadi leo. Lakini mama hasahau mtoto wake yuko wapi eti kwa sababu amebadilisha jina.

Ndiyo maana nakuuliza la jina. Mfikirie Wangari Maathai. Alipohitimu shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964, katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas, wenzake walikuwa wakimwita Mary Jo. Aliporudi Kenya akaliweka hilo kando, akawa Wangari. Akaolewa, akalichukua jina la mumewe, Mathai. Ndoa ilipovunjika mume akataka jina lake liachwe. Yeye akaliongezea a moja tu, likawa la kwake peke yake. Ndilo lililotangazwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Nobel ya Amani. Sasa chukua karani wa masjala, ana faili la 1964 mkononi, anamtafuta Mary Jo. Angempata wapi? Yeye alipatikana kwa sababu dunia nzima ilikuwa inamwita. Mimi na wewe, mwanangu, dunia nzima hatuna.

Na wako ambao hata orodha ya waliopotea hawakuwekwa. Chuo kikuu cha Edinburgh kiliwaandikisha wanawake kusomea udaktari mwaka 1869, wakawa saba, na mwishowe wakanyimwa kuhitimu. Shahada zao za heshima zilitolewa 2019, miaka 150 baadaye, zikapokelewa na wanafunzi wa leo kwa niaba yao. Hilo likinijia nasema sherehe hizi ni za vyuo kujipaka mafuta, aliyenyimwa keshakuwa udongo. Nikishasema hivyo nawakumbuka wale wa Cambridge. Huko mwanamke alisoma, akafanya mitihani ile ile, akafaulu, lakini shahada kamili hakupewa mpaka 1948. Mwaka 1998 chuo kiliwaita waliosoma kabla ya hapo, wakaja kama 900. Hesabu umri wao: hata mdogo wao alikuwa ameshafika sabini. Wangeweza kusema mmechelewa, tuacheni. Walikuja. Nimejaribu mara nyingi kuwadharau kwa kuja, nashindwa, maana najua mimi ningekuwa wa kwanza mlangoni, na gauni jipya.

Basi sema na wewe kama kuwasherehekea wahitimu ni upuuzi. Mimi asubuhi nasema ndiyo, jioni nasema hapana.

Haya, miaka miwili.

Umeniambia wanataka maelezo ya "safari ya kazi". Nimeona vitabu vya namna hiyo, safari zenyewe ni za ngazi tu: alianza kama msaidizi, akawa msimamizi, akawa mkuu wa kitengo. Hakuna anayeteremka, hakuna anayekaa kwenye ngazi akapumua. Miaka yako miwili haina cheo, kwa hiyo karatasi haitaiona. Mimi niliiona. Nilikuona ukitengeneza pampu ya shule yetu ambayo mafundi wawili walikuwa wameshaisusa. Nilikuona ukinisahihishia madaftari ya kidato cha pili nilipovunjika mkono, tena ukiwa mkali kuliko mimi. Na kila asubuhi ulimsomea baba yako gazeti, macho yake yalipokuwa yanamwacha, ukianzia nyuma kwenye michezo kama alivyotaka. Wewe unaiita miaka ya aibu. Yeye aliiita vingine, na unajua alivyoiita.

Lakini usije ukasema mama amekuambia uitaje. Sijasema hivyo. Ninachosema ni kwamba kitabu hicho kitasomwa na mtoto aliyehitimu mwaka jana, ametuma maombi ya kazi mpaka amechoka kuhesabu, na akikuta watu arobaini ambao hata mmoja hakuwahi kuamka Jumatatu bila pa kwenda, ataamini kwamba kasoro ni yake. Hilo nalifahamu kwa sababu nimewafundisha watoto hao, wananirudia wakubwa, wananieleza wakiwa wameangalia chini.

Kwa upande mwingine kitasomwa pia na wakubwa zako wa kazi. Nalo nalifahamu. Mwanamume akisema alikaa miaka miwili, watu husema alikuwa anajipanga. Mwanamke akisema hivyo, wanaanza kuhesabu watoto wake. Wewe ndiye utakayeingia ofisini siku inayofuata, si mimi. Na maneno 150 ni machache mno. Hii barua yangu iliyamaliza kabla hata sijafika mlangoni kwenye sherehe. Ukitumia ishirini kwa miaka miwili, utapunguza wapi? Lile bwawa lazima liwemo. Ingekuwa mimi ninge...

Hapana. Nilimwahidi baba yako kwamba siwaamulii tena, tangu lile la kaka yako na chuo cha ualimu. Unajua lilivyoishia. Amua mwenyewe, kisha unisomee kwenye simu kabla hujatuma. Nitasikiliza tu. Nitajitahidi.

La jina ni jingine, hilo siyo ushauri. Andika yote mawili, la cheti na la sasa, na uwaombe wayachape yote mawili. Wakikuambia nafasi haitoshi, waambie wapunguze cheo.

Picha usiwapelekee ile ya kitambulisho, umekodoa. Ile ya mahafali ninayo mimi, umevaa joho la kukodi linaburuza chini, kofia imemwangukia baba yako usoni kwa sababu ulimvisha yeye. Wakitaka ya kichwa kimoja, itabidi umkate, na mimi sitaki kuwepo ukimkata.

Kijitabu changu bado kiko kwenye droo ya vyeti. Jana baada ya kusoma barua yako nilikitoa. Kurasa zimekuwa njano, balozi amefifia, wale 31 bado hawajulikani walipo. Wino wa baba yako unasomeka ukiuelekeza dirishani: Yupo hapa, safu ya tatu, gauni la bluu.

Lilikuwa la zambarau. Sikuwahi kumwambia.

Mimi,
Mama yako